Walikubali Namba Sita

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu nikiwa namtolea mwalimu mmoja kopi za mtihani wa hesabu. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limekwisha kupasha bati la kibanda changu pale soko la Custom, Juba, na binti yangu amelala chini ya meza ndani ya kartoni ya karatasi. Niliusoma mkono mmoja ukiwa bado kwenye mashine. "Hongera. Mchango wako wa kwanza umekubaliwa." Pembeni walikuwa wameweka kapicha ka tarumbeta linalotapika vipande vya karatasi za rangi.

Nikafungua nione wamekubali nini. Walikuwa wamekubali namba sita.

Kwenye ukurasa wa mwongozo nilioupelekea marekebisho kulikuwa na orodha ya hatua, na yule aliyeuandika mwanzo alihesabu nne, tano, tano, saba. Nilipokuwa naandika mambo yangu niliiona ile tano ya pili nikaifanya sita, kwa sababu tu jicho langu halivumilii kitu kama hicho. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mambo yangu yenyewe yalikuwa aya nne chini yake, nilizozihangaikia siku tisa, na hizo walikuwa wamezifuta zote. Msimamizi mmoja, mtu ambaye sijawahi kumwona wala sijui anakaa nchi gani, alikuwa ameandika: "Asante kwa mchango. Nimechukua sahihisho la namba. Sehemu iliyobaki inahusu hali adimu na ingewachanganya watumiaji. Nafunga. Karibu tena."

Hali adimu yenyewe ilikuwa imelala chini ya meza, imetoa ulimi kidogo, ina miezi kumi na nusu, na ilikuwa haijachomwa sindano ya surua.

Nilizima mashine karatasi ikiwa nusu ndani nusu nje.

"Stima imepotea?" mwalimu akauliza.

"Stima iko. Rudi saa nane."

"Watoto wananingoja darasani, mama."

"Hata wangu anangoja," nikamwambia, na nikapiga meza kwa kiganja hadi stepla ikaanguka, mtoto akaamka akaanza kulia. Mwalimu alichukua kopi zake chache akaondoka. Jirani yangu, Mganda anayekaanga chapati na mayai kibanda cha pili, alichungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Mama, nyabo, umeua nani?"

"Bado."

"Basi leta mtoto mimi nashika, wewe endelea."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wakiniuliza kwa nini mwanamke wa kutoa kopi sokoni anagombana na watu wa kompyuta wa ng'ambo, naanzia hapo. Lakini shida yenyewe ilianza kabla, na ilianza na jina.

Mimi nililelewa Kenya, nikamaliza fomu foo Nakuru, nikarudi Juba na cheti na lafudhi ambayo mama mkwe anaicheka. Mume wangu ni Mbari, mwenyeji wa Juba. Kwa watu wake mtoto hatafutiwi jina, anazaliwa analikuta linamngoja. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, mvulana wa tatu lake, na kadhalika hadi tumbo lichoke. Baadaye unaongeza jina la baba na la babu, na hao nao walipewa kwa foleni hiyohiyo. Binti yangu ni msichana wa kwanza wa mvulana wa pili wa mvulana wa kwanza. Simama mlango wa kanisa lolote Juba uite majina hayo matatu, watageuka wasichana kadhaa. Hakuna anayeona ajabu. Tunajua kutofautisha watoto wetu: huyu wa nyumba ya karibu na kisima, huyu wa yule mama mwenye cherehani.

Jambo la pili ni tarehe moja Januari. Kwenye kambi za wakimbizi, mtu akiwa hana karatasi ya kuzaliwa, aliyekuwa anaandikisha alimwandikia tarehe moja Januari akaita anayefuata. Ndiyo iliyo kwenye kitambulisho cha mume wangu, cha mama mkwe, na changu mimi. Tungetaka kusherehekea, nchi hii ingekata keki moja.

Binti yangu lakini hakuzaliwa Januari. Alizaliwa nyumbani kwetu Sherikat, alfajiri, mvua inapiga, barabara yote tope, boda hata ungeilipia dhahabu isingekuja. Najua siku, najua saa, najua nani alishika taa. Karatasi ndiyo sina.

Nilipompeleka kliniki mara ya kwanza, walikuwa ndiyo wamepewa tableti badala ya daftari. Karani ni kijana mpole, naye alilelewa Kenya kama mimi, tunaongea lugha moja. Aliniuliza kama nina karatasi ya kuzaliwa. Nikasema sina, kazaliwa nyumbani, lakini siku yake naijua. Alikuwa ameshagusa kioo. Niliona akiweka tarehe moja Januari. Nyuma yangu kulikuwa na akina mama wengi wamebeba watoto juani, na mimi nikanyamaza ili foleni isogee. Hilo la kunyamaza ni langu, simpi mtu mwingine.

Miezi tisa ikafika, muda wa surua. Chupa moja ya chanjo hiyo inatosha watoto kumi, na ikishafunguliwa haikai mpaka kesho, inamwagwa. Kwa hiyo kliniki haifungui mpaka watoto wakaribie kumi. Jumanne ya kwanza tulikuwa wanne. Jumanne ya pili sita. Mafi, wakasema, hakuna, rudini wiki ijayo. Nikarudi nyumbani mara zote mbili bila kelele. Jumanne ya tatu tukatimia kumi, nikafurahi kama mjinga.

"Mama, huyu ameshachomwa," karani akasema.

"Amechomwa wapi?"

"Kanisani. Jumapili iliyopita, walipopeleka chanjo kwa sanduku la barafu."

"Jumapili iliyopita nilikuwa na homa. Hatukutoka hata mlangoni."

"Mashine inasema."

"Kadi yake hii. Soma. Hapo pa surua pako wazi kama kiganja changu."

"Kadi ni karatasi, sister. Inalowa, inapotea, mtu anaweza kuandika anachotaka. Hii ndiyo inayopeleka hesabu juu."

Akanigeuzia tableti nione mwenyewe. Majina matatu, ndiyo. Msichana, ndiyo. Tarehe moja Januari. Sherikat. Na chanjo ya surua, alama ya tiki ya kijani. Alikuwa mtoto mwingine kabisa. Mtoto wa watu, mwenye majina yaleyale kwa sababu naye ni wa kwanza wa wa pili wa wa kwanza, na mwenye tarehe ileile kwa sababu naye mama yake hakuwa na karatasi. Mashine ilikuwa imewaona ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, ikauliza iwaunganishe, na mtu akakubali.

Nikauliza jina la mama liko wapi. Kulikuwa na nafasi imeandikwa "mlezi", na chini yake kwa herufi ndogo, "si lazima". Hakuna aliyeijaza. Yaani mimi niliyembeba si lazima.

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, ndiyo maana akanifungulia mwongozo wa ile programu, ili nione hakubuni. Kweli hakubuni. Umeandikwa kwa Kiingereza, mimi Kiingereza nakisoma. Ukurasa mmoja unasema: kama tarehe ya kuzaliwa haijulikani, weka tarehe moja Januari ya mwaka huo. Unaofuata unasema: kama jina, jinsia, tarehe na eneo vinalingana, kubali kuunganisha. Aliyeandika sentensi hizo mbili hakuwahi kukaa mahali ambapo zinakutana. Na hakuna popote palipoonyesha namna ya kutenganisha walioungana kwa makosa.

Tukaenda kwa mkubwa wa kliniki. Tunamwita daktari, ingawa si daktari.

"Mchome tu mtoto," nikamwambia. "Chupa iko wazi, mtoto huyu hapa, mkono wake huu."

"Nikimchoma, dozi zitakuwa kumi na watoto tisa. Wakaguzi watauliza dozi moja imeenda wapi."

"Imeenda kwenye mkono huu."

"Mkono huo kwenye mfumo umeshachomwa. Tenganisha kwanza."

"Tenganisha wewe, si mfumo ni wako?"

"Mwongozo hauonyeshi namna. Mwongozo ukibadilika, nitafuata mwongozo."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake mvua itanyesha. Niliondoka nikiwa na mtoto mgongoni, nikapanda boda hadi kliniki ya upande wa Konyo Konyo. Yule mama wa mapokezi aliandika majina, akatabasamu, akasema: "Huyu ameshapata, Sherikat." Mfumo ni mmoja. Nikajaribu kliniki ya kulipia. Surua hawana, wanaoweka ni wale wenye friji za chanjo tu.

Wiki hiyo mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alitoka vipele, macho mekundu kama ametiwa pilipili. Walisema surua. Nilimfungia binti yangu ndani kama mbuzi, na asubuhi nikawa namfunika kitambaa mpaka nimevuka daraja.

Kilichonitoa hapo ni mstari mmoja mdogo nilioukumbuka, mwisho kabisa wa ule ukurasa wa mwongozo: "Umeona kosa? Saidia kuboresha ukurasa huu." Karani aliniambia programu ile ni huria. Hakuna kampuni inayoimiliki, ndani yake kuko wazi kwa yeyote kuona, na yeyote anaweza kupeleka pendekezo la kurekebisha, hata maandishi ya mwongozo. Wako wasimamizi wanaosoma na kukubali au kukataa.

"Hata mimi?" nikauliza.

"Wameandika yeyote."

Nikasema vizuri, yeyote ni mimi.

Kwa siku tisa nilifanya kazi hiyo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kati ya mteja na mteja. Nilifungua akaunti. Nilisoma kanuni za wachangiaji, ndefu kuliko katiba ya kanisa letu. Nilijifunza kwamba huandiki juu ya ukurasa wao. Unatengeneza nakala yako, unabadilisha humo, halafu unawaomba waichukue. Mwanzoni nilikosea nikafuta ukurasa mzima wa nakala yangu nikadhani nimefuta wa dunia nzima. Nilitoka jasho hadi jirani yangu akaniletea maji.

"Wewe iko naiba benki?" akauliza.

"Naandika namna ya kuandika watoto."

"Mimi iko na watoto tano, hakuna mtu alinifundisha namna ya kuandika."

Katika kurasa za majadiliano ya mradi nikapata kitu. Mtu wa nchi nyingine alikuwa ameshauliza zamani jinsi ya kutenganisha watoto walioungana, na mtu akamjibu: kitufe kipo, kimefichwa kwenye mipangilio, kinaonekana ukiingia kama msimamizi wa kituo, ambaye kwetu ni mkubwa wa kliniki. Kipo. Kilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyejisumbua kukiandika kwenye mwongozo. Niliposoma hivyo nilicheka kile kicheko kibaya.

Sikutaka kuandika kitu nisichokiona kwa macho. Nikamwomba karani, naye akaja kibandani siku yake ya mapumziko. Ile programu ina sehemu ya mazoezi ambayo haigusi watoto wa kweli, na mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu. Tukaandikisha watoto wawili wa uongo. Jirani ndiye aliyewapa majina: Chapati wa Yai wa Chai, wote wawili, wasichana, tarehe moja Januari, Custom. Mashine ikauliza kama ni mmoja. Tukakubali. Wakaungana. Tukaingia kwa mlango wa msimamizi wa kituo, tukakitafuta kile kitufe, tukabonyeza. Wakatengana, kila mmoja na chanjo zake.

"Kumbe kitu ndogo hivi," jirani akasema.

Karani alirudia mwenyewe, tangu mwanzo. Baadaye akasema, "Sister, mimi nimekubali kuunganisha wengi." Sikumuuliza wangapi. Uso wake ulitosha.

Nikaandika aya nne. Ya kwanza: usiweke tarehe moja Januari, iko nafasi ya "kadirio", weka hapo umri kwa miezi kama mama anavyosema, na kama mama anaijua siku, mwamini mama. Ya pili: ziko nchi ambazo watoto wengi wana majina sawa hadi la babu, kwa hiyo kulingana kwa jina si ushahidi. Ya tatu: jaza jina la mama kabla hujakubali kuunganisha, na kama hayalingani, kataa. Ya nne: ukishakosea, tenganisha hivi, hatua kwa hatua, na picha tatu za kioo cha simu. Nikarekebisha na ile namba. Nikaeleza kwa nini naleta: mtoto wangu hajachomwa, na kliniki inangoja ukurasa huu. Nikatuma.

Wa kwanza kunijibu alikuwa roboti. Wana roboti inayokagua kila kinachoingia. Ilinipa alama nyekundu: mstari wangu wa kumi na nne umezidi herufi themanini. Mashine iliyoshindwa kuona kwamba watoto wawili ni wawili ilikuwa imekaa inahesabu herufi zangu. Nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba na kwa lugha ya mama yangu, ambayo huwa naitunzia mambo mazito. Mgeni mmoja, mchangiaji tu kama mimi, akaniandikia kwamba nivunje mstari baada ya kila sentensi, itanyamaza. Ikanyamaza. Alikuwa mtu mwema. Sitamsahau, ingawa sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Halafu nikangoja. Siku kumi na moja. Kila asubuhi nafungua kuona, kila asubuhi kimya. Jumanne moja nilienda kliniki na ukurasa wangu nimeuchapa vizuri, na picha, nikamwekea mkubwa mezani. Hakuushika.

"Hii imetoka wapi?"

"Nimeandika mimi. Nimeijaribu, karani ameona. Bonyeza hapa, watoto wanatengana."

"Imekubaliwa?"

"Bado inasomwa."

"Mama, siwezi kufuata karatasi ya mtu wa sokoni. Ikiwekwa kwenye mwongozo, njoo siku hiyohiyo, nitamchoma mwenyewe."

Kwa hiyo mnaelewa sasa ule ujumbe wa hongera uliingia nikiwa nangoja nini. Watu hao walikuwa wameshika sindano ya mtoto wangu mkononi bila kujua, nikawa nimewaambia kwa maandishi kwamba wameishika, na wakachukua namba sita.

Baada ya mwalimu kuondoka nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaanza kuandika jibu. Jirani alikuwa amembeba mtoto, anamlambisha yai kwa kidole. Nikamsomea nilichoandika, nikikigeuza Kiswahili. Kilianza na neno ambalo sitaliandika hapa na kikaishia kwa mama yake yule msimamizi.

"Hiyo ni tamu," akasema. "Lakini usitume."

"Kwa nini nisitume?"

"Mimi nimefukuzwa kwa soko mbili, nyabo, najua. Ukitukana mkubwa, kesho anaongea matusi tu, haongei tena shida. Atasema, huyu mwanamke iko mwendawazimu, funga mlango. Wao iko na kanuni?"

"Wanazo. Kurasa na kurasa."

"Basi piga yeye na hiyo."

Nikazisoma tena zile kanuni ndefu, safari hii kama mtu anayetafuta fimbo. Nikaiona. Kanuni zao zinasema pendekezo lisifungwe kabla aliyelileta hajapewa sababu na nafasi ya kujibu. Zinasema pia kwamba panapokuwa na mashaka, usalama wa mgonjwa utangulie urahisi wa maandishi. Na zinasema iko kamati ya malalamiko, kwamba mtu yeyote anaweza kuiandikia, na kwamba lalamiko litaje uamuzi, kanuni iliyovunjwa na kinachotakiwa. Walikuwa wameandika vizuri sana. Nadhani hawakufikiri kuna atakayefika ukurasa ule.

Nilifunga kibanda mpaka jioni. Mtoto alirudi kulala kwenye kartoni yake. Niliandika kwa Kiingereza cha shule, polepole, nikifuta kila sentensi iliyokuwa inanifurahisha kupita kiasi. Kisha nikaitafsiri kwa Kiswahili ili karani na mume wangu waisome, na hiyo ndiyo ninayoiweka hapa. Nilituma ya Kiingereza kwa kamati. Nyingine nikaipeleka kwa mkono kliniki asubuhi iliyofuata. Mkubwa alisema haipokei kwa sababu haimhusu. Nikakaa kwenye benchi mbele ya mlango wake, na kila mama aliyeuliza nangoja nini nilimweleza kwa sauti ya kawaida, toka mwanzo hadi mwisho. Kufikia saa sita aliweka sahihi kwamba ameipokea.

Kwa Kamati ya Malalamiko ya Mradi. Nakala kwa Mkubwa wa Kliniki.

Nalalamikia uamuzi wa msimamizi wenu wa kufuta aya nne nilizozileta kwenye ukurasa wa kuandikisha watoto, na kufunga pendekezo langu bila kunipa nafasi ya kujibu. Kanuni zenu zinakataza hivyo.

Sababu aliyoitoa ni kwamba jambo hili ni adimu. Hakuuliza mtu yeyote wa huku. Angeuliza angeambiwa kwamba ninakoishi ni jambo la kila siku, kwa sababu ya namna tunavyowapa watoto majina na kwa sababu ya tarehe ambayo mwongozo wenu wenyewe unaamuru iandikwe. Kosa halikufanywa na karani. Karani alitii.

Mwongozo wenu umewafanya wasichana wawili kuwa mmoja. Mmoja wao ni binti yangu. Hajapata chanjo ya surua, na surua iko mtaani kwetu. Programu yenu inasema ameipata. Kliniki mbili zimekataa kumchoma kwa sababu hiyo. Kitufe cha kuwatenganisha mnacho. Hamkukiandika, na mimi nilipokiandika mkakifuta.

Naomba mambo matatu. Kwanza, rudisheni aya zangu, au andikeni zenu zinazosema hayohayo, sigombanii maneno. Pili, iondoeni leo ile sentensi ya tarehe moja Januari, hata kama mengine mtayajadili kwa muda mrefu. Tatu, mmeweka jina langu kwenye orodha ya waliochangia ukurasa huo. Mpaka mtakapourekebisha, litoeni. Sitaki mtu asome ukurasa unaomnyima mtoto sindano akaona mimi ndiye niliyeusaidia.

Kwa Mkubwa wa Kliniki: ulisema utafuata mwongozo ukibadilika. Nimefanya sehemu yangu, na hapa kuna ushahidi. Nakuomba uandike kwa mkono wako, kwenye karatasi hii, kwamba umemwona mtoto na kadi yake, na kwamba umekataa kumchoma. Nitakuja nayo kila Jumanne ili uongeze tarehe.

Nimeambatisha picha ya kadi, picha ya kioo, na nakala ya aya zilizofutwa. Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Mtoto wa pili sijampata. Namtafuta kupitia makanisa ya Sherikat, kwa sababu binti yangu akichomwa kabla hamjawatenganisha, mfumo utaihesabu kuwa dozi ya pili ya surua ya mwenzake, na huyo atakapokuja kuichukua mtamwambia mama yake kwamba ameshapata.